Silinda ya baridi, moldi ya moto: jibu kwa fundi aliyehamia kwenye poliesta

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka sita kwenye mashine za injeksheni, nikitengeneza vitu vya polipropilini na polistirini. Sasa tumepewa kazi ya vifuniko vya swichi za umeme kwa kompaundi ya poliesta, ile BMC (kwa Kiingereza "bulk moulding compound") inayokuja kama donge ndani ya mifuko. Mashine ni yetu ile ile ya tani 150. Tumebadilisha skrubu na kuongeza pistoni ya kusukumia donge. Silinda nimeiweka nyuzi 30, lakini baada ya saa moja skrini inasoma 55 hadi 60 ingawa hita zimezimwa. Moldi ni 175. Muda wa kujaza ni sekunde 8, muda wa kuiva nilianza na 45, nikapandisha hadi 60. Kifuniko kina unene wa milimita 3, lakini kina kinundu kimoja cha kushikia parafujo chenye unene wa milimita 9. Matatizo ni matatu: ncha ya mbali na geti (tundu la kuingilia nyenzo kwenye moldi) inatoka kavu, yenye vitundu na nyuzi zinazoonekana, kinundu kinavimba lengelenge moldi ikifunguka, na kila tukipumzika dakika 20 nozeli, mdomo wa silinda, inaziba. Nimeipandisha joto nozeli ili kuizibua, inazidi kuwa ngumu. Wenzangu wanasema nyenzo ilikuwa na unyevu na ilipaswa kukaushwa. Nianzie wapi?"*

Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa kazi. Umeuliza kama fundi anavyopaswa kuuliza: umetaja joto, unene, sekunde, na kilichotokea ulipogusa kila kitu. Kwa maelezo hayo naweza kukusaidia hata nikiwa mbali.

Nikikuelewa vizuri, mna matatizo matatu yanayoonekana hayahusiani, na kila mtu pale kiwandani ana dawa yake. Mimi nayaona kuwa tatizo moja lenye sura tatu. Mashine yenu bado inaendeshwa kwa mazoea ya polipropilini. Nyenzo sidhani ina kosa, na unyevu tutauzika haraka: BMC haikaushwi. Ukiiweka kwenye kikaushio cha hewa ya moto utapukutisha stirini iliyomo, kimiminika chepesi kuvukiza, na kuanza kuiivisha donge kabla haijafika kwenye mashine. Inachotaka ni kukaa mahali pa baridi, mfuko wake ukiwa umefungwa hadi dakika ya kuitumia.

Sasa tuje kwenye kiini. Polipropilini ni kama nta. Ukiipasha inalainika, ukiipoza inaganda, na unaweza kurudia hivyo mara nyingi. Kwa hiyo mkono wako umezoea kwamba kitu kikigoma, unaongeza joto. Poliesta hii ni kama saruji iliyokwisha kutiwa maji. Inaelekea upande mmoja tu, na ikishaganda hakuna joto litakaloirudisha. Tofauti yake na saruji ni kwamba kinachoiharakisha ni joto. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwenye themoseti, yaani plastiki za aina hii zinazoganda moja kwa moja, joto ndilo linaloamua udongo huo utabaki maji kwa muda gani. Kwenye kazi yako ya zamani joto lilikuwa la kulainishia. Kwenye kazi hii joto ni saa, na saa hiyo huanza kuhesabu mara tu donge linapogusa kitu cha moto.

Ndani ya donge lile kuna rezini ya poliesta isiyoshiba iliyoyeyushwa kwenye stirini, kijazo ambacho mara nyingi ni kalsiamu kaboneti, nyuzi za kioo zilizokatwa vipande vya kama milimita 6 hadi 12, sabuni ya zinki ya kusaidia kipande kiachie moldi, kizuizi kidogo cha kuituliza wakati wa kuhifadhiwa, na peroksaidi. Peroksaidi ikipata joto huvunjika na kutoa vipande vya molekuli vyenye hamu kubwa ya kuungana. Vipande hivyo huanza kuifunga stirini kwenye minyororo ya poliesta, huku na huko, hadi yote inakuwa wavu mmoja mgumu. Hakuna maji yanayozaliwa katika kuungana huku, tofauti na rezini za fenoli. Ndiyo maana BMC haihitaji ule utaratibu wa kufungua moldi kidogo ili "ipumue" ambao huenda umewahi kuusikia kwa watu wa fenoli.

Nikupe mfano uone jinsi saa hiyo inavyokimbia. Peroksaidi moja inayotumika sana kwenye kompaundi hizi ni tert-butili perbenzoeti. Kwenye nyuzi 104 za Selsiasi, nusu yake huchukua takribani saa 10 kuvunjika. Kwenye nyuzi 165 hivi, nusu hiyo hiyo huvunjika kwa takribani dakika moja. Nyuzi 60 za tofauti zimegeuza saa 10 kuwa dakika. Na kompaundi zinazotengenezwa kuiva haraka huwa na peroksaidi nyingine inayoamka mapema zaidi, ambayo nyuzi 60 za silinda yako ukiongeza na msuguano wa skrubu haziionei huruma.

Kwa hiyo tuanze na silinda, maana huko ndiko ugonjwa unakoanzia.

Umesema umeiweka nyuzi 30, hita zimezimwa, na bado inapanda hadi 60. Hapo umeshajipa jibu mwenyewe. Hita ya mkanda inajua kupasha tu, haijui kupoza. Ukiandika 30 kwenye skrini, unachoiambia ni kwamba isiwashe; lakini joto linaingia kutoka sehemu nyingine mbili ambazo skrini haina mamlaka nazo. Moja ni msuguano wa skrubu inapozungusha donge lenye nyuzi za kioo. Nyingine ni nozeli inayobusu moldi ya nyuzi 175 kila mzunguko na kulivuta joto hilo nyuma, kama kijiko kilichoachwa ndani ya maji ya moto. Silinda ya themoseti lazima iwe na koti za maji zenye mzunguko wake, na maji hayo yawe na kidhibiti joto, si bomba la maji ya kawaida linalobadilika asubuhi na mchana. Lenga nyuzi 25 hadi 30 nyuma kwenye koo la kulishia, na isizidi 40 hivi mbele. Kwanza kabisa fuata karatasi ya mtengenezaji wa kompaundi yako, maana anajua ameweka peroksaidi gani.

Hili la koti za maji ndilo jambo la kwanza la kugharamia. Mpaka silinda iweze kupozwa, mengine yote utakayorekebisha leo yatakuwa yamehama kufikia mchana, kwa sababu donge linaloingia kwenye moldi saa mbili asubuhi si donge lile lile linaloingia saa sita. Ulaini wake umebadilika, na sehemu ya kizuizi chake imekwishatumika.

Pamoja na koti hizo, punguza kasi ya skrubu. Mizunguko 20 hadi 50 kwa dakika inatosha kabisa. Shinikizo la nyuma liwe dogo sana, la kuhakikisha tu kwamba hakuna mfuko wa hewa mbele ya skrubu. Kwenye polipropilini ulilipandisha ili kuchanganya rangi na kuyeyusha vizuri. Hapa hakuna cha kuyeyusha, na kila unapolipandisha unasaga nyuzi za kioo. Nyuzi ya milimita 6 ikitoka ikiwa ya milimita 1, kifuniko chako kitaonekana kizuri mezani, kisha kitapasuka siku fundi umeme atakapokaza parafujo.

Nozeli sasa. Nina sababu ya kulisema hili kwa uzito. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja, nozeli iliziba tukiwa mapumzikoni. Aliyekuwa zamu akachukua taa ya gesi kuipasha, kama tulivyokuwa tukifanya kwa nailoni. Nyuma ya kizibo kulikuwa na donge bichi limebanwa na shinikizo la skrubu. Joto liligeuza stirini kuwa mvuke, kizibo kikafyatuka na kupita karibu na bega lake hadi ukutani. Tuliponusurika ndipo nikaelewa. Stirini hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi 31 hivi, na mvuke uliofungiwa nyuma ya kizibo ni bunduki. Tafadhali usiwahi kupasha nozeli iliyoziba kwa themoseti, kwa moto wala kwa hita. Zima, ondoa shinikizo la skrubu kwa kuirudisha nyuma, vuta gari la injeksheni (sehemu inayobeba silinda na nozeli) mbali na moldi, fungua nozeli ikiwa ya baridi na mwili wako ukiwa pembeni ya mstari wake, kisha ulitoe kizibo kwa kipande cha shaba na nyundo. Nozeli ya themoseti huchongwa ikiwa na mtanuko kuelekea mbele ili kizibo kitoke kizima; kama yenu ni ile ya zamani yenye tundu lililonyooka, agiza nyingine.

Kitazame kizibo hicho kabla hujakitupa. Kikate kwa msumeno urefu wake wote. Kama upande wa moldi ni mgumu, unang'aa na una rangi moja, kisha ugumu unafifia kuelekea nyuma hadi unafikia donge linalobonyea kwa ukucha, joto lilitoka kwenye moldi. Kama kimeganda pande zote za nje na katikati ni laini, joto lilitoka kwenye silinda yenyewe. Kizibo kimoja kinakuambia mengi kuliko mabishano ya zamu nzima.

Ili kisijirudie, fanya mambo haya. Nozeli iwe na mzunguko wake wa maji. Mara geti linapoganda, gari la injeksheni lirudi nyuma, nozeli isikae ikigusa moldi muda wote wa kuiva. Kati ya moldi na sahani za mashine pawe na bodi za kuzuia joto. Na kusimama kukizidi dakika 10 hivi, rudisha nozeli, toa nje donge lililo mbele ya skrubu, acha maji ya silinda yaendelee kuzunguka. Mwisho wa siku usiache kompaundi hai ndani ya silinda. Waombe wauzaji wako kompaundi ya kusafishia isiyo na peroksaidi, ipitishe, ndipo uzime.

Tufike kwenye ncha kavu yenye vitundu. Sekunde 8 za kujaza dhidi ya moldi ya nyuzi 175 ni ndefu mno kwa kifuniko cha milimita 3. Kinachotokea ni hiki: donge linaingia kwenye geti, ngozi yake inagusa chuma, inalegea kwa nukta chache na kutiririka vizuri, halafu ngozi hiyo inaanza kuganda wakati kiini bado kinasukumwa. Kufika ncha ya mbali, rezini imeshakuwa nzito, haiwezi tena kubeba nyuzi zake wala kubanwa dhidi ya chuma. Unabaki na nyuzi uchi na vitundu. Wengi wakiliona hilo wanafikiri moldi haina joto la kutosha, wanapandisha, na tatizo linakua.

Shusha moldi hadi nyuzi 155 au 160, kisha punguza muda wa kujaza hadi sekunde 2 au 3. Fanya kimoja, tazama, ndipo ufanye kingine. Lakini sitaki nikufiche kwamba kasi ina gharama yake. Ukijaza haraka kupita kiasi, hewa haipati muda wa kutoka. Inabanwa pembeni, inapata joto kwa kubanwa kule, na inaunguza mvuke wa stirini. Utaona doa jeusi dogo, mara nyingi mahali pale pale kila kipande. Doa hilo halitibiwi kwa kupunguza kasi peke yake, linatibiwa kwa njia za kutolea hewa. Chonga njia za kina cha kama milimita 0.05 kwenye mpaka wa moldi pale mtiririko unapoishia, na uzing'arishe kwa kuelekea nje ili utando mwembamba utakaoganda ndani yake utoke pamoja na kipande. Njia iliyozibwa na utando wa mzunguko uliopita ni sawa na kutokuwa na njia. Pulizia hewa kila baada ya kutoa kipande, kila mara, bila kuruka. Kama kuna pembe iliyofungwa kabisa isiyofikiwa na mpaka wa moldi, pini ya kusukumia iliyopunguzwa kidogo pembeni husaidia. Na kwa kazi zinazodai sura nzuri kuna moldi zinazovutwa hewa kwa pampu kabla ya kujazwa.

Hapo hapo kwenye moldi, nina swali moja: hizo nyuzi 175 umezisoma wapi? Kama ni kwenye skrini, umesoma joto la mahali palipochomekwa themokapo ndani ya chuma. Chukua kipima joto cha kugusa, fungua moldi, upime uso wenyewe: karibu na geti, ncha ya mbali, pembe zote nne, na juu ya kinundu, pande zote mbili za moldi. Ziandike kwenye karatasi yenye mchoro wa kifuniko. Ndani ya upande mmoja, vipimo visipishane kwa zaidi ya nyuzi 3 hadi 5. Nimeona moldi zilizo sawa kabisa kwenye skrini zikiwa na pembe moja iliyopungua nyuzi 15, kwa sababu hita moja ya fimbo ilikuwa imekufa na nyingine zinaifichia aibu. Usipolipima hili utahangaika na kasi na shinikizo wiki nzima wakati dawa ni hita moja.

Sasa kinundu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotezwa.

Stirini huchemka kwenye nyuzi 145. Moldi yako iko juu ya hapo, ya 175 na hata ya 160. Kinachoizuia isichemke ndani ya kipande ni shinikizo la moldi iliyofungwa, na baadaye ni kule kufungwa kwake ndani ya wavu. Kwa hiyo siku zote kuna mashindano: je, stirini yote imekwisha kufungwa kabla hujafungua moldi? Kwenye ukuta wa milimita 3, sekunde 60 zinatosha. Kwenye kinundu cha milimita 9, joto linasafiri kupitia nyenzo ambayo yenyewe hupitisha joto polepole, na kiini kinakaa kibichi muda mrefu huku nje kumeshakauka. Unafungua moldi, shinikizo linaondoka, stirini iliyobaki katikati inageuka mvuke, na ganda ambalo bado ni laini kwa joto linavimba. Ndilo lengelenge lako.

Halafu kuna upande wa pili. Kiini kikianza kuiva, kuungana kule kunazaa joto lake chenyewe, na kwa kuwa kimezungukwa na nyenzo isiyopitisha joto vizuri, hakina pa kulipeleka. Joto la katikati ya sehemu nene linaweza kupita lile la moldi. Moldi ikiwa ya moto sana, joto hilo linakuja kwa kishindo na kinundu kinapasuka kwa ndani. Kwa hiyo kupandisha moldi ili kinundu kiive haraka kunaweza kukutoa kwenye lengelenge na kukuingiza kwenye ufa usioonekana, ambao kwa kifuniko cha umeme ni mbaya zaidi.

Usikisie. Kata kinundu katikati kwa msumeno mwembamba kikiwa kimepoa, na ukinuse papo hapo. Kiini kilichofifia rangi, kinachobonyea kwa ncha ya kisu na kutoa harufu kali ya stirini, hakijaiva. Shimo moja lenye kuta laini zinazong'aa ni hewa iliyonaswa wakati wa kujaza. Nyufa nyembamba zenye kingo kali, kwenye nyenzo ngumu isiyo na harufu, ni joto la kupita kiasi. Kama mna kipima ugumu cha Barcol, pima uso wa kifuniko pia na ulinganishe na namba ya mtengenezaji. Ila kumbuka kwamba uso mgumu hautoi ushahidi wa kiini.

Kwa maelezo yako nadhani ni kutoiva. Sekunde 15 hadi 20 kwa kila milimita ya sehemu nene zaidi ndizo ninazoanzia kwa kompaundi za kawaida, kwa hiyo kinundu cha milimita 9 kinaomba sekunde 135 hadi 180. Najua unavyolisoma hilo: mzunguko unazidi mara mbili, na aliyepanga bei ya kazi alihesabu sekunde 60. Una njia tatu za kweli. Ya kwanza ni kuukubali muda huo. Ni salama na haidai chochote isipokuwa tija. Ya pili ni kuomba kompaundi ya kuiva haraka. Inafaa, lakini itakubana kwenye silinda na kwenye muda wa kujaza, na kwa silinda isiyopozwa itakuua. Ya tatu, ninayoipendelea, ni kurudi kwa mwenye mchoro na kumwomba kinundu kitobolewe katikati kwa pini ili ukuta wake ubaki milimita 3 au 4, na mbavu mbili za kukishika. Parafujo itashika vile vile, na mzunguko utarudi karibu na dakika moja. Kuchonga pini kwenye moldi ni kazi ya siku chache. Muda wa kuiva utaulipia kila kipande mpaka moldi izeeke.

Shinikizo la kushikilia, lile linaloendelea kubana baada ya moldi kujaa, hujaliulizia, lakini linahusika na vitundu vile vile. Lidumu mpaka geti limeganda, na hapa geti linaganda kwa kuiva. Kulijua hilo ni rahisi: toa vipande ukiongeza muda wa kushikilia sekunde moja moja, uvipime kwenye mizani bila spru, yaani kile kijiti kilichoganda kwenye njia ya kuingilia. Uzito utapanda, kisha utasimama. Pale ulipoanza kusimama ndipo geti lilipoganda. Ongeza sekunde moja, basi. Huo pia ndio wakati salama wa kuirudisha nozeli. Acha mto wa nyenzo wa milimita chache mbele ya skrubu, usiwe mkubwa, maana kila donge linalobaki pale linazeeka.

Fleshi, ule utando unaochomoza kwenye mpaka wa moldi, utaiona hata ukifanya yote vizuri. Rezini hii ikilegea kwa joto inakuwa nyepesi mno na hupenya kwenye nafasi ambayo polipropilini isingeiona. Fleshi nyembamba kama karatasi, inayovunjika kwa mkono, ni ya kawaida na kazi ya kuiondoa lazima iwe ndani ya bei. Fleshi nene inayokuja upande mmoja ni jambo jingine: uso wa moldi haujakaa sawa, au nguvu ya kufunga haitoshi. Hesabu yake ni fupi. Kifuniko chenye eneo la sentimita 150 za mraba, kikiwa na shinikizo la megapaskali 40 ndani, kinasukuma kwa tani 61 hivi. Mashine yako ya 150 inakitosha kimoja, na viwili kwa kubana. Spru na fleshi hazirudi kwenye mashine. Hata ukizisaga laini kiasi gani hazitayeyuka, zinaweza tu kurudi kwa mtengenezaji kama kijazo, akizikubali.

Kuhusu mashine, umesema mmebadilisha skrubu. Hakikisha ni skrubu isiyobana, yaani kina cha mfereji wake ni kile kile tangu nyuma hadi mbele. Skrubu ya polipropilini hupungua kina kuelekea mbele, na kubana huko kunasaga nyuzi na kupasha donge. Chuma chake na cha moldi viwe vimeongezwa ugumu, kwa sababu nyuzi za kioo zinakula chuma laini kama tupa. Ikitokea kwamba koti za maji haziwezi kufungwa kwenye silinda yenu, nakushauri kwa moyo mweupe mfikirie moldi ya kukandamiza kwenye presi: unaweka donge lililopimwa, unafunga, linaiva. Ni polepole zaidi na linahitaji mikono, lakini nyuzi zinabaki ndefu, hakuna nozeli ya kuziba, na kwa idadi ndogo linalipa kuliko mashine isiyotulia.

Afya yenu pia, tafadhali. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka stirini kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Feni ya kupuliza usoni haisaidii. Weka kofia ya kunyonyea hewa juu ya moldi, pale mvuke unapotokea inapofunguka. Glavu wakati wa kulisha donge, barakoa ya vumbi wakati wa kukata fleshi, maana vumbi lile lina kioo.

Kuna wakati ambapo maandishi yangu hayatoshi. Skrubu ikiganda ndani ya silinda yote, usiilazimishe kwa haidroliki; utaikata. Ita mtu aliyewahi kuitoa, afanye kazi hiyo ana kwa ana. Vilevile kama uso wa moldi umepata ufa, kama maji yanavuja karibu na hita, kama mtu anapata kizunguzungu au kichwa kuuma kila zamu, au kama vifuniko vilivyokwisha kutoka vinaenda kwenye umeme hai na hamjui viini vyao vimeiva kiasi gani. Hivyo vya mwisho vitengeni kando leo, na kabla ya kimoja kuondoka mpeleke vipande vichache maabara vikapimwe uivaji na kuhimili umeme.

Koti za maji zikishafungwa, anza hivi: silinda 30 nyuma na 38 mbele, uache itulie nusu saa maji yakizunguka. Uso wa moldi 158, uliopimwa kwa mkono sehemu zote. Kujaza sekunde 3, kuiva sekunde 150, njia za hewa zimesafishwa. Vitupe vipande 10 vya mwanzo kwa sababu moldi bado inatafuta utulivu wake, kisha kata kinundu cha cha 11 na cha 20. Niandikie ulichoona ndani, uzito wa vyote viwili, na silinda ilisoma ngapi baada ya saa moja.